Bei Rahisi na Bei ya Haki

Wahenga walisema: Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Methali hii yatufaa sana sisi wakaaji wa Cimpunda. Katika vilima vyetu nyumba zimesongamana hata hakuna nafasi ya kupanda shina moja la muhogo. Karibu sisi sote ni walaji tu. Maharagi na mihogo yetu yatoka Walungu, Kabare na Kalehe. Mchele watoka Luvungi na Sange, katika uwanda wa Ruzizi. Vyakula vingine vyavuka ziwa, na vingine vyavuka bahari.

Yatokea basi katika soko la Kadutu kwamba mama akuta magunia mawili ya mchele yamewekwa pamoja. Moja latoka Luvungi, si mbali. La pili latoka Asia: limepanda meli, limeshushwa pwani ya Afrika, limepita nchi mbili au tatu, ndipo likafika kwetu. Na tazama, lile la mbali ni rahisi kuliko lile la karibu! Mama ana fedha kidogo, na watoto wanamngoja. Anunua lile rahisi. Jioni watoto wamekula. Lakini kule Luvungi mkulima amebaki na mchele wake nyumbani, au ameuuza kwa hasara.

Sasa twauliza: Je, kuna aliyekosa? Ni mama? Ni mwenye duka? Ni mkulima wa Asia? Au hakuna kosa lolote, kwa kuwa kila mtu aliuza na kununua kwa hiari yake? Wengi husema hivyo: mwenye kuuza amekubali, mwenye kununua amekubali, shauri limekwisha. Sisi twaona kwamba shauri halijaisha. Bei rahisi ni jambo moja, bei ya haki ni jambo jingine. Ndugu wasomaji, tulichunguze neno hili polepole, maana lahusu sahani yetu ya kila siku.

Kwa nini cha mbali ni rahisi?

Sababu ni tatu, na si vema kuzichanganya.

Sababu ya kwanza ni kazi nzuri. Mkulima wa ng'ambo ana maji ya mifereji, ana mbegu zilizochaguliwa, ana mashine, na mchele wake wasafirishwa katika meli kubwa ichukuayo maelfu ya tani kwa safari moja. Hapa hakuna udanganyifu. Mwenye chombo kizuri na akili ya kukitumia amestahili faida yake. Tumsifu na kujifunza kwake.

Sababu ya pili ni fedha ya serikali. Katika nchi nyingi serikali huwapa wakulima wake fedha, au huwauzia mbolea kwa bei iliyopunguzwa, au hununua mavuno yao kwa bei ya juu kuliko ya soko. Fedha hiyo huitwa ruzuku.

Sababu ya tatu ni shida za njia zetu wenyewe. Hiyo tutaisema baadaye, wala hatutaificha.

Tueleze ruzuku kwa mfano. Tuseme kuna wakulima wawili, na kila mmoja atumia franka 1,000 ili apate kilo moja ya mazao. Serikali ya wa kwanza yampa franka 400 kwa kila kilo. Basi yeye aweza kuuza kwa franka 700, na bado amepata faida ya 100. Wa pili hana msaada. Akiuza kwa franka 700 amepoteza 300. Wote wawili wamefanya kazi sawa, jasho lao ni sawa. Mmoja atajenga nyumba, na mwingine ataacha jembe. Aliyeshinda si mkulima hodari kuliko mwenzake, ni serikali yenye mfuko mkubwa.

Wala tusidhani kwamba ruzuku ilianza kwa nia mbaya. Marekani ilitunga sheria yake kubwa ya kuwasaidia wakulima mwaka 1933, wakati bei za mazao zilipoanguka na watu wengi walipopoteza mashamba yao. Nchi za Ulaya zilianza mpango wao wa pamoja wa kilimo mwaka 1962, kwa sababu walikuwa bado wakikumbuka njaa ya vita. Nani atamlaumu mzazi aliyeona njaa akitaka kujaza ghala? Lakini ghala lilijaa kupita kiasi. Katika miaka ya 1970 na 1980 Ulaya ilikuwa na siagi na maziwa ya unga mengi hata watu wakasema kuna mlima wa siagi. Ili kuupunguza mlima huo, serikali ziliwalipa wafanyabiashara wayauze mazao hayo nje kwa bei ndogo kuliko ya kwao. Msaada uliotolewa kwa mkulima wa kule ukageuka kuwa pigo kwa mfugaji wa huku.

Siku hizi si Wazungu peke yao watoao ruzuku. Shirika la OECD la Paris lilihesabu kwamba katika miaka 2021 hadi 2023, nchi 54 zilisaidia kilimo chao kwa dola bilioni 842 kila mwaka, na sehemu kubwa ilikuwa ya China, India, Marekani na Umoja wa Ulaya. India yanunua mchele wa wakulima wake kwa bei iliyowekwa na serikali, tena yawapa mbolea kwa bei ndogo. Na India ndiyo nchi iuzayo mchele mwingi nje kuliko nchi zote. Kwa hiyo tusifanye shauri hili kuwa ugomvi wa rangi ya ngozi. Ni shauri la mwenye nacho na asiye nacho.

Sheria moja, mikono miwili

Labda mtu atasema: "Je, ulimwengu hauna sheria za biashara?" Zipo. Mwaka 1947 mataifa 23 yalifanya mapatano ya biashara yaliyoitwa GATT. Lakini kilimo kiliachiwa milango mingi ya kutokea. Mwaka 1955 Marekani iliomba ruhusa ya kutoyafuata mapatano hayo katika mazao kadhaa, ikapewa. Baadaye, mwaka 1994, mataifa yalikutana Marrakesh, nchi ya Moroko, wakatia sahihi mapatano mapya, na kilimo kikaingizwa ndani yake. Shirika la Biashara Duniani likaanza kazi tarehe 1 Januari 1995. Nchi yetu iliingia tarehe 1 Januari 1997.

Tazama sasa mapatano hayo yalivyofanywa. Nchi zilizokuwa zikitoa ruzuku kubwa ziliambiwa: Punguzeni kiasi fulani, na kilichobaki mtaruhusiwa kuendelea nacho. Nchi nyingi ambazo hazikuwa na ruzuku kubwa ziliambiwa: Ninyi msizidi asilimia 10 ya thamani ya mazao yenu. Maana yake nini? Aliyekuwa na desturi ya kuvuruga bei alipewa kibali cha kuendelea, na ambaye hakuivuruga alifungwa kamba fupi. Nchi maskini kabisa, kama Kongo, hazikulazimishwa kupunguza kitu. Lakini mtu asiye na kitu, ukimwambia "hulazimishwi kupunguza," umempa nini?

Hapa ndipo moyo wa shauri letu. Sheria yaweza kuwa moja kwa wote, na bado isiwe sawa. Ukimwambia tajiri na maskini, "Kila mmoja wenu ana ruhusa ya kununua ndege," umesema neno moja kwa wote wawili, lakini umempa ruhusa mmoja tu. Torati ya Musa yamkataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni mwake, moja kubwa na moja dogo. Sheria hizi zilikuwa na jiwe moja tu, lakini lilichongwa kwa kipimo cha mkono wa mwenye nguvu.

Chukua habari ya pamba. Mwaka 2003 nchi nne za Afrika, yaani Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilisimama mbele ya Shirika la Biashara Duniani, zikasema kwamba ruzuku ya pamba ya Marekani na nchi nyingine yawaangamiza wakulima wao. Brazil nayo ilikuwa imefungua mashtaka mwaka 2002, ikashinda. Sasa mshindi afanya nini? Sheria yampa ruhusa ya kumtoza mkosaji ushuru, ili amwumize naye. Brazil ni nchi kubwa, iliweza kutisha. Mwaka 2014 Marekani ikakubali kuilipa dola milioni 300 ili mashtaka yaishe. Zile nchi nne za Afrika malipo ya namna ile hazikuyapata. Benin ingemtisha nani kwa ushuru wake? Watu husema, Mwenye nguvu mpishe. Lakini sheria ilitungwa ili mwenye nguvu naye ajue kumpisha mnyonge. Isipofanya hivyo, kazi yake ni nini?

Hata hivyo tusiseme kwamba hakuna lililofanyika. Mwezi wa Desemba 2015, mkutano wa Shirika hilo mjini Nairobi uliamua kuzifuta ruzuku zitolewazo kwa kuuza mazao nje. Neno hili ni jema. Lakini fedha apewayo mkulima nyumbani kwake imebaki, nayo yasafiri ndani ya gunia bila kuonekana.

Je, bei rahisi si zawadi?

Watatujibu watu wenye akili: "Ninyi mwasema juu ya mkulima. Na maskini wa mjini je? Mataifa tajiri yakilipa sehemu ya bei ya chakula chake, si wamempa zawadi? Kwa nini mwilalamikie zawadi?"

Neno hili lina uzito, wala hatulidharau. Mtu wa Cimpunda ambaye apata fedha siku kwa siku, chakula kikipanda bei kidogo tu, mtoto mmoja hulala na njaa. Atakayemwambia, "Acha cha rahisi, nunua cha ghali kwa sababu ya haki," amemtwika maskini mzigo wa dhambi ya wengine. Mama yule hana kosa. Twalisema waziwazi.

Lakini tuitazame zawadi hiyo vizuri. Jambo la kwanza: wakaaji wa Cimpunda ni nani? Wengi wetu tumetoka mashambani, sisi au wazazi wetu. Wengine walikimbia vita na unyang'anyi. Wengine waliondoka kwa sababu shamba halikulipa tena. Kijana aliyeona baba yake akiuza mavuno kwa hasara hatashika jembe. Atakuja mjini kubeba mizigo, na mshahara wake mdogo utanunua gunia lile lile lililomfukuza shambani. Zawadi imlishayo mtoto huku ikimnyang'anya baba yake kazi, hiyo ni zawadi ya namna gani?

Jambo la pili: zawadi hiyo haina ahadi. Tarehe 20 Julai 2023 serikali ya India ilikataza mchele mweupe wa kawaida usiuzwe nje, ili bei isipande kwao. Ilikuwa haki yao kuwafikiria watu wao kwanza. Lakini bei ya mchele duniani ikapanda kuliko ilivyokuwa kwa miaka kama 15, na katazo hilo halikuondolewa mpaka Septemba 2024. Siku ile mwenye ghala alipofunga mlango, wale walioacha kulima walikuwa na nini mkononi? Anayekulisha leo kwa bei rahisi hajaahidi kukulisha kesho.

Jambo la tatu lahusu hiari. Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba kukubali kwa mfanyakazi hakutoshi kuufanya mshahara kuwa wa haki. Maana mwenye njaa hukubali lolote. Papa Paulo VI, katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, aliyatia mafundisho hayo katika biashara ya ulimwengu: mataifa mawili yasiyolingana kabisa yakipatana, kupatana kwao peke yake si alama ya haki. Hata asiye Mkristo aweza kuliona neno hili kwa akili yake. Mkulima wa Luvungi aliyeuza kwa hasara alikubali, naam. Alikubali kwa sababu mtoto wake alikuwa anafukuzwa shuleni. Hiari ya namna hiyo ni jina tu.

Sheria za biashara si mvua

Wengine husema: "Mambo ya soko ni kama mvua, hakuna awezaye kuyatengeneza." Si kweli. Watu waliyatengeneza, na watu waliyaharibu. Waulizeni wazee wa Idjwi na Kalehe habari ya kahawa. Mwaka 1962 nchi zilimazo kahawa na nchi ziinywazo zilipatana kugawana kiasi cha kuuza, ili bei isianguke. Mapatano hayo yalikuwa na kasoro nyingi, lakini kwa miaka mingi yaliisaidia bei isimame. Mwezi wa Julai 1989 nchi hizo zilishindwa kupatana tena, mgawo ukafutwa, na bei ya kahawa ikaanguka vibaya. Mti ulikuwa ule ule, udongo ule ule, mikono ile ile. Kilichobadilika ni karatasi tu, iliyoandikwa mbali na ziwa letu.

Basi, je, tufunge mlango kabisa, tutoze ushuru mkubwa kwa kila gunia la ng'ambo? Hapana, si kwa haraka. Ushuru wa chakula hulipwa na mlaji, na mlaji maskini huumia kwanza. Kama mkulima wetu hajapata njia ya kuleta mchele wa kututosha, mlango uliofungwa utaleta njaa, na magendo. Haki yataka mambo mawili yaende pamoja: kumlinda mkulima kidogo kidogo kwa kadiri awezavyo kulisha watu, na kumjengea barabara, mfereji na ghala ili aweze kweli. Kulinda bila kujenga ni kumwibia mlaji. Kufungua bila kujenga ni kumwua mkulima. Tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo katika ushuru wake wa pamoja imeuweka mchele kati ya mazao yanayolindwa kuliko mengine. Ulinzi huo utakuwa wa haki au wa dhuluma kwa kadiri ya kazi itakayofanywa mashambani.

Vizuizi vyetu wenyewe

Sasa twafika kwenye sababu ya tatu tuliyoiahidi. Ingekuwa vyepesi kumaliza makala kwa kuyalaumu mataifa ya mbali. Lakini gunia la Luvungi si ghali kwa sababu ya Washington na Delhi tu. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Walipata 798. Katika kila bariere kuna mtu mwenye mkono wazi, huyu mwenye bunduki, yule mwenye karatasi, mwingine mwenye kamba tu. Mama aletaye mihogo mgongoni hulipa, na mwenye lori hulipa. Ruzuku ya ng'ambo humwongezea mkulima wa kule. Bariere zetu humpunguzia mkulima wa huku. Vyote viwili vyakutana katika bei moja sokoni.

Tena, mwezi wa Julai 2003 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Maputo, wakaahidi kutoa asilimia 10 ya fedha za serikali kwa ajili ya kilimo. Ni nchi chache tu zilizoitimiza ahadi hiyo, na Kongo haimo kati yao. Ni vigumu kumwambia jirani, "Acha kumsaidia mkulima wako," nawe hujamsaidia wako kwa mfereji mmoja. Na vita iliyofika Bukavu mwezi wa Februari 2025 imezidisha taabu. Fedha imeadimika mikononi mwa watu, na njia zimekuwa ngumu kuliko kwanza.

Wajibu wa kila mtu

Basi turudi kwenye swali letu: nani amekosa? Jibu letu ni hili: kosa hupimwa kwa kadiri ya uwezo. Mama mwenye fedha ya siku moja hana kosa. Mkulima wa ng'ambo apokeaye msaada wa serikali yake naye si mwizi, maana ataka kuishi kama sisi. Mwenye duka akosa akipunja kipimo au akificha chakula kungoja njaa. Mwenye bariere anayeishi kwa jasho la mkulima akosa zaidi. Na watawala, wetu na wa mataifa makubwa, ambao waweza kuzibadili sheria nao hawazibadili, wana deni kubwa kuliko wote.

Wala uwezo wetu mdogo si sifuri. Maharagi huvunwa karibu na Januari na tena karibu na Juni. Wakati huo bei hushuka, na mkulima mwenye deni huuza upesi kwa mwenye lori, kwa bei yoyote. Miezi mitatu baadaye sisi twanunua maharagi yale yale kwa bei ya juu. Jumuiya moja ya jirani, watu ishirini au thelathini, yaweza kuweka akiba kidogo kila juma, ikatuma watu waaminifu wawili kwa wakulima wenyewe wakati wa mavuno, ikawalipa bei iliyo bora kuliko ya mwenye haraka, ikaweka magunia mahali pakavu. Mkulima apata zaidi, na mlaji alipa pungufu. Hapo bei rahisi na bei ya haki zimekuwa bei moja. Jambo hili halitavunja sheria za ulimwengu, wala halitaondoa bariere hata moja. Lakini litatufundisha kumjua mtu aliye nyuma ya gunia. Na anayemjua mtu huyo atajua pia la kumwuliza mjumbe wake siku ya kupiga kura.